Namna ya Kusoma Lebo ya Mvinyo wa Marekani na Kujua Kila Neno Limetoka Wapi

Maneno yaliyochapishwa kwenye lebo ya mvinyo wa Marekani ni ya aina mbili. Yapo maneno ambayo sheria imeyapimia, kila moja likiwa na kiwango chake ambacho mtengenezaji hawezi kukishusha apendavyo, na yapo maneno ambayo muuzaji ameyaweka kwa sababu yanapendeza masikioni. Yote yamechapishwa kwa wino uleule, na mara nyingi yale ya mapambo ndiyo yenye herufi kubwa zaidi, hivyo mnunuzi asiyejua kuyatenganisha hulipia sifa akidhani analipia kilichomo ndani ya chupa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuyatenganisha, hatua kwa hatua. Kwa kuwa karibu kila neno lililopimiwa limezaliwa na tukio fulani, historia nayo itaingia humohumo, maana anayejua kwa nini neno liliwekwa halazimiki kukariri asilimia zake.

Tuseme mbele yako kuna chupa ambayo lebo yake inasomeka hivi: “Reserve”, “Old Vine”, “Zinfandel”, “Dry Creek Valley”, “Sonoma County”, 2019, “Produced and Bottled by”, kisha jina la kiwanda na mji kilipo, na pembeni kwa herufi ndogo, “Alc. 14.8% by vol.” Chupa hii ni ya kubuni, lakini rafu za maduka zimejaa zinazofanana nayo, na tutairudia mara kwa mara.

Kabla ya yote, fahamu kwamba lebo ya mvinyo unaosafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine hupitishwa kwanza na ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia kodi na biashara ya pombe na tumbaku, ijulikanayo kwa herufi TTB. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 2003, pale idara ya zamani iliyosimamia pombe, tumbaku na silaha kwa pamoja ilipogawanywa. Kwamba mvinyo uliwahi kukaa kapu moja na bunduki si jambo la kushangaza sana katika nchi iliyowahi kuupiga marufuku kwa kifungu cha Katiba, na habari hiyo tutaifikia.

Anza na jina la zabibu

Neno “Zinfandel” kwenye chupa yetu lina maana kwamba angalau asilimia 75 ya mvinyo uliomo imetokana na zabibu za aina hiyo, na kwamba zabibu hizo zimevunwa katika eneo lililotajwa kwenye lebo. Asilimia 25 inayobaki mtengenezaji halazimiki kuitaja. Hilo lisikutie shaka moja kwa moja, kwa sababu kuchanganya ni sehemu ya ufundi wenyewe: Zinfandel nyingi nzuri za California zina kiasi cha Petite Sirah kinachozipa rangi na ukakasi. Hadi mwishoni mwa mwaka 1982 kiwango kilikuwa asilimia 51 tu, kwa hiyo anayesimulia mivinyo ya miaka ya 1970 kwa majina ya zabibu anazungumzia kitu chenye uhakika mdogo kuliko tulio nao leo. Jimbo la Oregon limejiwekea sheria kali zaidi, likidai asilimia 90 kwa aina nyingi, jambo linalotokana na fahari ya wakulima wake wa Pinot Noir, ambao mmoja wa waanzilishi wao, David Lett, alipanda miche yake ya kwanza huko mwaka 1965. Lebo ikitaja aina mbili au zaidi za zabibu, lazima ionyeshe asilimia ya kila moja, na lebo kama hizo ndizo zilizo wazi kuliko zote.

Ikiwa hakuna jina la zabibu, bali maneno kama “Red Wine” au jina la kubuni, basi mtengenezaji amejipa uhuru wa kuchanganya atakavyo, na huenda mvinyo huo ukawa wa bei ya chini kabisa au wa bei ya juu kabisa. Neno moja la kundi hili linahitaji maelezo, nalo ni “Meritage”. Lilibuniwa mwaka 1988 kwa njia ya shindano, na linatumiwa na viwanda vilivyojiunga na chama chake kutaja mchanganyiko wa zabibu za asili ya Bordeaux, Ufaransa, kama vile Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, bila aina yoyote kuzidi asilimia 90. Wengi hulitamka kwa lafudhi ya Kifaransa, ilhali ni neno la Kimarekani lililoundwa ili lifanane kwa sauti na “heritage”, yaani urithi.

Desturi ya kuuita mvinyo kwa jina la zabibu haikuwa ya kawaida Marekani tangu mwanzo. Kwa muda mrefu viwanda viliazima majina ya mahali pa Ulaya, na mnunuzi alikuta rafuni “Burgundy” na “Chablis” ambazo hazikuwahi kuiona Ufaransa wala kuwa na zabibu za huko. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mfanyabiashara Frank Schoonmaker alianza kuwashawishi wazalishaji waandike jina la zabibu na mahali zilipolimwa, akiamini kwamba mvinyo mzuri hauhitaji jina la kuazima. Ushauri wake ulichukua miaka thelathini hivi kuenea. Hata Robert Mondavi, aliyefungua kiwanda chake huko Oakville mwaka 1966, alipotaka kuuza Sauvignon Blanc ambayo wakati huo haikuwa na soko, aliibatiza “Fumé Blanc”, jina lenye harufu ya Ufaransa, na kwa kuwa hakulihodhi, wengine walilitumia pia. Ukikuta “Fumé Blanc” leo, fahamu kwamba ni Sauvignon Blanc.

Zinfandel yenyewe ilidhaniwa kwa vizazi vingi kuwa zabibu ya Kimarekani. Iliingia kupitia vitalu vya miche vya pwani ya mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ikapelekwa California wakati wa msako wa dhahabu, ikastawi huko kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2001, Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na watafiti wa Kroatia, walithibitisha kwa vipimo vya vinasaba kwamba ni zabibu ileile iitwayo Crljenak Kaštelanski kwenye pwani ya Dalmatia, ambako ilikuwa imebaki mizabibu michache tu. Primitivo ya kusini mwa Italia nayo ni hiyohiyo. Petite Sirah, kwa upande wake, katika mashamba mengi ni zabibu ya Kifaransa iitwayo Durif. Na “White Zinfandel” si nyeupe: ni mvinyo wa waridi wenye utamu, ulioanza kwa bahati mwaka 1975 katika kiwanda cha Sutter Home pale uchachukaji ulipokwama kabla sukari haijaisha, ukapendwa hata ukauzika kuliko mvinyo mwekundu wa zabibu hiyohiyo. Mgeni anayeagiza Zinfandel hotelini bila kusema ni ipi anaweza kuletewa kinywaji ambacho hakukitarajia.

Zabibu za kienyeji, na mdudu aliyebadilisha kila kitu

Ukikutana na majina kama Concord, Catawba, Niagara, Norton au Scuppernong, umetoka katika ukoo wa mizabibu ya Ulaya na kuingia katika ukoo wa mizabibu ya porini ya Amerika au mahuluti yake. Ladha yake ni tofauti kabisa. Zabibu za jamii ya labruska, kama Concord, zina harufu nzito ambayo Wamarekani wenyewe huiita “foxy”, na anayeijua juisi ya zambarau ya zabibu iliyoenea duniani kote anaijua harufu hiyo. Kwa sababu ya uzito huo, sheria inaruhusu mvinyo wa labruska utajwe kwa jina la zabibu hata kama zabibu hiyo ni asilimia 51 tu.

Sababu ya kuwapo kwa mivinyo hii ni kushindwa kwa muda mrefu. Mwaka 1619 baraza la koloni la Virginia lilipitisha sheria iliyomtaka kila mwenye kaya apande mizabibu kumi kila mwaka. Miche iliyotoka Ulaya ilikufa. Karne moja na nusu baadaye, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu, alijaribu kwa miaka mingi shambani kwake Monticello, naye hakufanikiwa. Hakuna aliyejua kwamba ardhini kulikuwa na filoksera, mdudu mdogo mno, ndugu wa vidukari, anayefyonza mizizi ya mzabibu wa Ulaya mpaka inaoza, huku ukungu wa aina mbalimbali ukishambulia majani na matunda juu. Mizabibu ya porini ya Amerika ilikuwa imeishi na maadui hao kwa muda mrefu na ilikuwa na kinga. Ndiyo maana mafanikio ya kwanza makubwa ya kibiashara upande wa mashariki yalitokana na zabibu zenye damu ya kienyeji: Nicholas Longworth wa Cincinnati alipata sifa kwa mvinyo wake wa Catawba wenye povu katika miaka ya 1840 na 1850, kabla magonjwa hayajayamaliza mashamba ya bonde la mto Ohio, na Ephraim Bull wa mji wa Concord, Massachusetts, akauzia umma mche wake maarufu wa zabibu ya Concord kuanzia miaka hiyohiyo ya 1850.

Kisha mdudu akasafiri. Miche ya Kimarekani iliyopelekwa Ulaya ilimchukua, na kuanzia miaka ya 1860 mashamba ya Ufaransa yakaanza kunyauka moja baada ya jingine. Dawa iliyofanya kazi ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa: kubebesha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ili mizizi iwe ya yule mwenye kinga na matunda yawe ya yule mwenye ladha. Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa Missouri, alishirikiana na Mfaransa Jules Émile Planchon katika kulithibitisha jambo hilo, na Thomas Volney Munson wa Denison, Texas, aliyesaidia kupatikana kwa mashina yanayofaa udongo wa chokaa wa Ufaransa, alitunukiwa nishani ya heshima ya nchi hiyo mwaka 1888.

Hii si hadithi ya kujipumzisha tu. Inahusu maneno “Old Vine” kwenye chupa yetu. California, ambayo mizabibu yake ya kwanza ilipandwa na mapadri Wafransisko wa Kihispania katika misheni walizoanza kuzijenga mwaka 1769, ilivamiwa na filoksera katika miaka ya 1870, na wakulima wakalazimika kubebesha. Karne ya 20 ilipokuwa ikielekea mwisho, mashamba mengi ya Napa na Sonoma yalikuwa yamepandwa juu ya shina liitwalo AXR1, ambalo mzazi wake mmoja alikuwa mzabibu wa Ulaya. Kinga yake haikutosha, na katika miaka ya 1980 mdudu alirudi, maelfu ya ekari yakang’olewa na kupandwa upya kwa gharama kubwa. Mizabibu ya zamani iliyosalia ni ile iliyokuwa juu ya mashina imara zaidi, au ile iliyo kwenye udongo wa kichanga kama wa Lodi, ambamo mdudu huyu hapati raha ya kuishi. Kwa hiyo mizabibu mikongwe ya Zinfandel ipo kweli, mingine ikiwa na zaidi ya miaka 100. Tatizo ni kwamba sheria ya shirikisho haijasema mzabibu uwe na umri gani ndipo uitwe mkongwe. Hapo unaamini jina la kiwanda, si neno.

Pima ukubwa wa mahali palipotajwa

Kanuni ni hii: kadiri mahali palipotajwa panavyokuwa padogo, ndivyo sheria inavyobana. Jina la jimbo au la kaunti, kama “Sonoma County”, linadai asilimia 75 ya zabibu zitoke humo, ingawa California imeongeza masharti yake, hivyo mvinyo unaoandikwa “California” lazima uwe wa zabibu za California zote kwa asilimia 100. Jimbo la Washington linadai asilimia 95. Jina la eneo maalumu la kilimo cha mizabibu, ambalo Wamarekani hulifupisha AVA, linadai asilimia 85, na shamba mahususi likitajwa kwa jina lake, kiwango hupanda hadi asilimia 95. “American” peke yake ndilo duara pana kuliko yote, na halikuambii mengi.

Chupa yetu inataja “Dry Creek Valley”, ambayo ni AVA, na “Sonoma County”, ambayo ni kaunti inayoizunguka. Soma jina dogo kwanza. Maeneo haya hukaa moja ndani ya jingine: Oakville imo ndani ya Napa Valley, na Napa Valley imo ndani ya North Coast, na sheria ya California inataka mvinyo wa maeneo madogo ya Napa utaje pia Napa Valley ili mnunuzi asipotee.

Wasomaji waliozoea mivinyo ya Ufaransa hukosea hapa zaidi ya mahali pengine. Huko, jina la mahali huja na orodha ya zabibu zinazoruhusiwa, kiasi cha mavuno kwa hekta na hata namna ya kupogoa. AVA haina lolote kati ya hayo. Ni mpaka tu kwenye ramani, unaokubaliwa kwa sababu za hali ya hewa, udongo, mwinuko na jina linalojulikana, na ndani yake mkulima anapanda anachotaka. Ukubwa wake pia hauna kipimo: Cole Ranch huko Mendocino haifiki hata kilomita moja ya mraba, wakati eneo la Upper Mississippi River Valley linagusa majimbo manne. Jina la AVA linakuambia zabibu zimetoka wapi. Ubora utautafuta kwingine.

Watu wengi hudhani AVA ya kwanza ilikuwa Napa. Ilikuwa Augusta, jimbo la Missouri, iliyotambuliwa mwezi Juni 1980, na Napa Valley ikafuata mwaka 1981. Haki hiyo Missouri iliistahili, kwa sababu wahamiaji wa Kijerumani walilima mizabibu kando ya mto wake katika karne ya 19, na kiwanda cha Stone Hill mjini Hermann, kilichoanzishwa mwaka 1847, kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya nchi nzima.

Lakini jina lililopanda thamani ni la Napa, na siku iliyolipandisha inajulikana. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa mjini Paris, akawapa mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kuwaonyesha lebo. Mvinyo mwekundu ulioongoza ulikuwa Cabernet Sauvignon ya 1973 ya Stag’s Leap Wine Cellars, na mweupe ulikuwa Chardonnay ya 1973 ya Chateau Montelena. Viwanda vyote viwili ni vya Napa, na tangu hapo ushindi umehesabiwa kuwa wa Napa. Anayesoma lebo kwa makini ataona kwamba Chardonnay ile iliandikwa “Napa and Alexander Valleys”, maana sehemu kubwa ya zabibu zake ilitoka Sonoma. Vilevile asiichanganye Stag’s Leap Wine Cellars na Stags’ Leap Winery, ambayo ni kiwanda kingine jirani, wala na Stags Leap District, ambayo ni AVA na haina alama ya kiapostrofi kabisa. Majirani hao walipelekana mahakamani kwa ajili ya jina hilo, na alama ndogo ya wino ndiyo iliyobaki kuwatofautisha.

Angalia pia kama jina la mahali limo ndani ya jina la biashara. Kwa muda mrefu majina ya biashara yaliyoidhinishwa kabla ya Julai 1986 yaliruhusiwa na sheria ya shirikisho kubaki na neno kama Napa hata kama zabibu zimetoka kwingine, ilimradi chimbuko halisi liandikwe mahali fulani kwenye lebo. California ilitunga sheria mwaka 2000 kuziba mwanya huo kwa upande wa Napa, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaunga mkono mwaka 2004.

Mwaka

Mwaka ulioandikwa ni wa mavuno, si wa kutia chupani. Mvinyo wenye jina la AVA lazima uwe na asilimia 95 ya zabibu za mwaka huo. Wenye jina la jimbo au kaunti, asilimia 85. Kwa mvinyo mweupe wa bei nafuu, mwaka wa karibuni ndio mzuri, basi.

Nani hasa ameutengeneza

Wanunuzi wengi huuruka mstari huu mdogo ulio chini au nyuma ya lebo. Kwa maoni yangu ndio unaosema ukweli mwingi kuliko mingine. Maneno “Produced and Bottled by” yanamaanisha kwamba kiwanda kilichotajwa kimechachusha angalau asilimia 75 ya mvinyo huo chenyewe kabla ya kuutia chupani. “Cellared and Bottled by” na “Vinted and Bottled by” yanasikika ya kifahari zaidi, lakini yanamaanisha tu kwamba mvinyo umepitishwa katika ghala lao na kuhudumiwa kwa namna fulani. Huenda umechachushwa na mtu mwingine na kununuliwa kwa wingi. “Bottled by” peke yake inadai jambo moja tu, kwamba waliujaza chupani.

Juu ya yote hayo yapo maneno “Estate Bottled”, ambayo ni kati ya maneno machache ya fahari yaliyopimiwa kikamilifu. Ili kuyatumia, kiwanda lazima kiwe kimelima asilimia 100 ya zabibu kwenye ardhi inayomilikiwa au kuendeshwa nacho, kiwanda na shamba viwe ndani ya AVA moja, na kazi yote, kuanzia kukamua hadi kutia chupani, ifanyike hapohapo bila mvinyo kutoka nje. Chupa mbili zikiwa na bei moja, moja ikiwa na “Reserve” na nyingine “Estate Bottled”, mimi nachukua ya pili.

Mgawanyo huu wa wanaolima, wanaochachusha na wanaouza ulipata sura yake ya sasa kutokana na marufuku ya pombe. Marekebisho ya 18 ya Katiba yalianza kutumika tarehe 17 Januari 1920, na kwa miaka karibu 14 kutengeneza na kuuza mvinyo wa kunywa kukawa kosa. Viwanda vingi vilifungwa, lakini mashamba ya California, ajabu, yalipanuka. Sheria iliachia kila kaya nafasi ya kutengeneza juisi ya matunda nyumbani, na iliposomwa pamoja na kanuni za kodi ilifikia galoni 200 kwa mwaka, yaani takriban lita 757. Mabehewa ya zabibu yakamiminika Chicago na New York kwa wahamiaji wa Kiitalia na wengineo. Zabibu iliyopendwa ilikuwa Alicante Bouschet, yenye ngozi ngumu inayovumilia safari na nyama nyekundu inayotoa rangi hata ikikamuliwa mara ya pili; zabibu laini za mvinyo mzuri ziling’olewa kuipisha. Wengine waliuza matofali ya zabibu yaliyoshindiliwa, yakiwa na onyo la kutoyaacha kwenye maji kwa siku kadhaa yasije yakageuka mvinyo, onyo ambalo kila mnunuzi alilielewa kama maelekezo. Kiwanda cha Beaulieu cha Georges de Latour kilinusurika kwa kutengeneza mvinyo wa Misa.

Marufuku ilifutwa na Marekebisho ya 21 tarehe 5 Desemba 1933, lakini mamlaka juu ya pombe yakaachiwa majimbo. Ndiyo sababu hadi leo mvinyo Marekani kwa kawaida hupita mikono mitatu, ya mzalishaji, msambazaji na muuza duka, na mtu aliyehamia jimbo jipya hugundua kwamba huko mvinyo hauuzwi kwenye duka la vyakula, au kwamba kiwanda alichokipenda hakiwezi kumtumia chupa kwa posta.

Namba ya kilevi

Baada ya marufuku ladha ya taifa ilikuwa imebadilika, na kwa zaidi ya miaka thelathini mivinyo mitamu iliyoongezewa pombe kali iliuzwa kuliko mivinyo ya kunywa na chakula. Sheria, na kodi pia hadi mwaka 2017, ziliweka mstari kati ya makundi hayo mawili kwenye asilimia 14 ya kilevi, na mvinyo wa asilimia 7 hadi 14 ukaitwa “Table Wine”. Ukiyaona maneno hayo, mtengenezaji anaruhusiwa kutoandika namba kabisa.

Namba ikiandikwa, isome kwa nafasi. Kwa mvinyo usiozidi asilimia 14, sheria inavumilia tofauti ya hadi asilimia 1.5 juu au chini, mradi mstari wa 14 usivukwe. Kwa mvinyo uliozidi hapo, tofauti inayovumiliwa ni asilimia 1. Chupa yetu ya 14.8 inaweza kuwa 15.8. Katika nchi yenye jua kama California zabibu huiva kwa sukari nyingi, na sukari ndiyo inayogeuzwa na chachu kuwa kilevi. Kuongeza sukari wakati wa kuchachusha kumepigwa marufuku huko, wakati New York, yenye majira mafupi, inaruhusu.

Maneno yasiyopimiwa

“Reserve”, “Special Selection”, “Barrel Select”, “Hand Crafted” na wenzake hayana kiwango chochote katika sheria ya shirikisho. Hilo halimaanishi kuwa ni uongo kila mara: Beaulieu imekuwa ikitumia “Private Reserve” kwa Cabernet yake bora tangu mavuno ya 1936, na jina hilo lina uzito kwa sababu ya kiwanda hicho. Lakini neno lilelile unaweza kulikuta kwenye chupa ya bei ya chini kabisa dukani.

Majina ya kuazima nayo hayajaisha. Mkataba wa mwaka 2006 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya uliyazuia majina kama “Champagne”, “Port”, “Sherry” na “Burgundy” kwa chapa mpya, ila chapa zilizokuwa zikiyatumia kabla ya tarehe 10 Machi 2006 ziliachwa ziendelee, kwa sharti la kuandika chimbuko halisi. Ndiyo maana bado utaona “California Champagne” ya Korbel. Ina povu, lakini si ya eneo la Champagne la Ufaransa.

Geuza chupa nyuma

Onyo la serikali kuhusu ujauzito na kuendesha gari limekuwa la lazima tangu Novemba 1989. “Contains Sulfites” huandikwa pale salfaiti inapofikia sehemu 10 kwa milioni, na karibu mivinyo yote inafikia, kwa hiyo maneno hayo hayakusaidii kuchagua. Panapoandikwa “Organic Wine”, hakuna salfaiti iliyoongezwa. “Made with Organic Grapes” inaruhusu kuongezwa hadi jumla ya sehemu 100 kwa milioni.

Ukitaka kuhakiki chupa fulani, TTB ina daftari la lebo zilizoidhinishwa ambalo liko wazi kwa umma kwenye tovuti yake. Tafuta kwa jina la chapa, kisha ulinganishe lebo iliyoidhinishwa na iliyo mkononi mwako. Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako chupa ya Marekani mara nyingi huwa na kibandiko cha mwagizaji nyuma, daftari hilo humwonyesha maneno yaliyofunikwa na kibandiko, na mara nyingi mstari unaofunikwa ni uleule mdogo unaoanza na “Produced” au “Cellared”.